Kibanio cha Gitaa la Besi

Area D, Dodoma

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Leo naanza na lililo moyoni, ndipo niulizie hali zenu, kwa sababu nikianza na salamu nitaandika salamu tu mpaka karatasi iishe. Baba, sikio langu la kushoto halisikii. Si kwamba linasikia kidogo, halisikii kabisa. Limekuwa hivyo tangu lilipokuwa likitoa usaha, kabla sijaanza darasa la kwanza. Sijamwambia mtu yeyote, hata Shangazi Foibe ninayelala nyumbani kwake. Shuleni nilikuwa nawahi dawati la mbele, pembeni kwenye ukuta wa kushoto, ili sikio zima liwaelekee wenzangu wote, na walimu wakadhani napenda sana masomo.

Sasa niwasalimu. Mama anaendeleaje na mgongo? Mtama umeota, au mvua imewapita tena? Mimi ni mzima. Shangazi akienda ofisini mimi nabaki na mtoto wake na kazi za ndani, huku nikisubiri matokeo ya kidato cha nne. Sikupiga simu kwa sababu simu iliyopo hapo nyumbani ni ya Mama, na Mama akipokea anafungulia sauti mpaka mbuzi wanasikia. Barua hii nampa jirani yetu anayekuja mnadani huko. Nimemwomba aiweke mkononi mwako.

Mnajua kwamba niliingia kwaya ya kanisa la mtaani kwetu. Msichojua ni kwamba siimbi, napiga gitaa la besi. Kijana aliyekuwa akilipiga alipata kazi Singida, gitaa likabaki limeegeshwa ukutani, na mimi ndiye niliyekuwa nikilifuta vumbi. Siku moja Mwalimu Lameki, anayetufundisha kwaya, alinikuta nimelipakata, taya nimeliweka juu ya bega la gitaa, nagusa uzi mmoja mmoja. Akasema, "Binti, hicho si kitanda. Kama unakipenda, kipige." Ndivyo nilivyoanza. Sauti za besi ni nzito, Baba, haziji kwa sikio peke yake. Nikiweka taya kwenye ule mti, naisikia sauti ndani ya mfupa, na pande zote mbili zinakuwa sawa.

Lakini Jumapili siwezi kuweka taya mbele ya watu, nasimama kama wengine. Jumapili moja uzi mnene kuliko wote ulilegea katikati ya wimbo. Ngoma zilikuwa zinapigwa upande wangu wa kulia, spika yangu iko kushoto, mimi nikaendelea tu. Baada ya ibada Zakayo, anayepiga kinanda, akaniuliza mbele ya wote, "Dada, besi yako leo imekunywa nini?" Watu walicheka, na mimi nikacheka. Mwalimu hakucheka. Aliniita pembeni akasema, "Kongwa tunakwenda kuimba mbele ya kwaya za wilaya nzima. Hili likijirudia, nitamwomba kijana wa kanisa la jirani atupigie. Usinielewe vibaya, mwanangu." Halafu akanipa fedha za kwaya nikanunue tyuna, kile kifaa cha umeme kinachopima nyuzi na kuonyesha kwa taa kama zimekazwa sawasawa.

Nilifurahi kuliko alivyojua. Kumbe kuna kitu kinachokuonyesha kwa macho jambo ambalo wenzako wanalisikia.

Zakayo aliniambia ninunue cha kuchomeka waya, ndicho wanachotumia wenye bendi. Nilikwenda na gitaa lenyewe mpaka duka la vyombo vya muziki mjini. Muuzaji ni kaka mmoja mwenye maneno mengi. Alichomeka waya, taa zikawa zinaruka hovyo, kwa sababu tundu la waya la gitaa letu limelegea na linakwaruza. Akasema, "Hili gitaa linahitaji fundi kwanza, halafu maombi." Akanionyesha kingine kinachosikiliza kwa kipaza sauti, kama kile cha kwenye simu. Hapo bodaboda ikapita nje na kile kifaa kikaipima bodaboda. Nikawaza ngoma zetu, nikakirudisha.

Ndipo nikaona kibanio. Ni kidogo, kama kibanio cha nguo. Unakibana kwenye kichwa cha gitaa, na chenyewe hakisikilizi hewani, kinahisi mti unavyotetemeka. Baba, nilipoelezwa hivyo nilikishika tu. Kilikuwa kinasikia kama mimi.

Cha kwanza nilichojaribu kilisoma nyuzi tatu, kwenye ule uzi mnene kikazima. Muuzaji akasema, "Hicho ni cha gitaa dogo, dada, kwa besi kinasinzia." Cha pili kilikuwa kizito kidogo kufikiri, lakini kiliusoma. Tena kilisoma sauti yoyote, si zile nne za nyuzi peke yake. Niliweka taya kwenye gitaa nikapiga, nikaangalia taa, nikapiga tena. Nilisahau kwamba niko dukani. "Unalibusu gitaa au unanunua kifaa?" akauliza. Niliona haya, nikalipa haraka.

Kwenye mazoezi kila kitu kilikwenda vizuri, taa ya kijani kwenye kila uzi, mpaka tulipofika kwenye wimbo wetu wa Kigogo. Wimbo huo kinanda kinanyamaza. Vinasikika vyuma vya ilimba chini ya vidole gumba, na besi tu, na ilimba anapiga shemasi wetu, Baba Eliya. Tulianza, na kabla ya ubeti wa pili Mwalimu akakunja uso.

"Besi na ilimba haviko pamoja," akasema.

Nikamwonyesha taa. "Kifaa kinasema ni sawa, Mwalimu."

"Kifaa hakiimbi kwenye kwaya yangu."

Zakayo akasema basi ilimba ndiyo mbovu. Baba Eliya akamgeukia taratibu. "Ilimba hii ndiyo iliyonipatia mke, wewe mtoto. Leo imekuwa mbovu?"

Wote walicheka, lakini mimi nilikuwa namwangalia Mwalimu, kwa sababu yeye alikuwa anaangalia mlango, na nilijua anamfikiria yule kijana wa kanisa la jirani. Nikamwomba Baba Eliya ilimba yake. Nikabana kile kibanio kwenye ubao wake, nikagusa vyuma kimoja kimoja. Kila kimoja kilisimama chini ya taa ya kijani, karibu umbali uleule. Haikuwa mbovu. Ilikuwa imekaa mahali pake, na mimi nilikuwa nimekaa pa mashine. Nikakirudisha kibanio kwenye gitaa, nikalegeza nyuzi mpaka kijani ikazimika. Lakini taa ya kuniambia "hapo hapo" haikuwepo tena. Basi nikamwomba Baba Eliya asogee, ubao wa ilimba uguse gitaa langu, apige chuma kimoja polepole. Nikaweka taya. Mbele yao wote, Baba.

Nilihisi mitetemo miwili inasukumana kwenye mfupa. Nikalegeza kidogo, kidogo tena, mpaka ikaacha kusukumana ikawa mmoja. Nilipoinua kichwa, Mwalimu alisema neno moja tu: "Hapo." Kisha akaniambia nikate nywele au nisuke kabla ya Kongwa, kwa sababu nitasimama mbele.

Watu walipotawanyika aliniuliza, "Hilo la taya umejifunza wapi?" Nikamjibu, "Nyumbani." Hakuuliza zaidi.

Nilimjibu kweli. Unakumbuka jioni ulipokuwa ukipiga ilimba yako, nilivyokuwa nakuja kulaza shavu langu la kushoto juu ya ubao wake, na Mama akisema huyu mtoto anampenda baba yake mno? Nilikuwa nakupenda, ndiyo. Lakini pia upande ule sikuwa na sauti nyingine duniani isipokuwa hiyo.

Nisalimie bibi mzaa Mama, na wifi yangu aliyejifungua, na mdogo wangu wa darasa la sita. Mwambie nimemwekea kalamu. Mwambie pia mlinzi wa reli, rafiki yako, kwamba filimbi yake naikumbuka.

Nikitoka Kongwa nitakwenda hospitali kupima sikio, na ningependa tuwe pamoja. Ukija Kongwa kutusikiliza, kaa upande wangu wa kulia, ili ukiniita nikusikie.

Ila Mama usimwambie, nakuomba. Ndiye aliyekuwa akinitia yale mafuta ya uvuguvugu sikioni, usiku kucha, akiniimbia. Atadhani ni mafuta. Nataka nimwambie mwenyewe, nikiwa nimemshika mkono, nimwambie kwanza kwamba zile nyimbo nilizisikia. Mpaka siku hiyo, liwe letu wawili.

Mwanao akupendaye,
Tabitha