Ile "Haya" Uliyoitikia Migombani

Mama yangu,

Wamekusifu sana kanisani. Mlezi wa watoto wa kijiji kizima cha Suma, walisema, nami nikainamisha kichwa, watu wakadhani nalia. Nilikuwa na hasira, Mama, na mpaka leo ninayo.

Unakumbuka ulivyokuwa ukituacha, mimi na kaka, ukienda kuchuma chai? Ulisimama migombani ukapaza sauti, "Nakuachia watoto!" Jirani akaitikia huko kwake, "Haya!" Basi, ukaenda zako. Hakuna aliyeandikishana na mtu. Jirani akishaitikia tulikuwa wake mpaka jioni, na bakora zake tulizila.

Tumpe, yule jirani yako, naye alikuachia wanawe vivyo hivyo. Alipaza sauti, ukaitikia, akaenda kwenye chai. Mchana yule mdogo akaangukia motoni, akaungua mguu mzima. Tumpe akakamatwa kwa kutelekeza watoto, nikapewa kesi nimtetee. Na wewe, wewe Mama, ukawa wa kwanza kusema, "Mwanamke gani anaacha watoto na moto?" Hapa Tukuyu watu waliacha kunisalimia kwa sababu namtetea "yule katili". Hilo sikulijali. Anayechukiwa na wote ndiye hasa anayehitaji wakili.

Tumpe aliponiambia alikuachia wewe, nilikuja kukuuliza. Ulikuwa unamenya ndizi, hukuinua macho.

"Niliitikia. Halafu nikaitwa msibani, nikasahau."

"Njoo uyaseme hayo mahakamani."

"Mimi mzee wa kanisa, mwanangu. Unataka na mimi nizomewe?"

Wajibu wangu niliujua. Ama nikuletee hati ya kukuita shahidi, ama nijitoe, Tumpe apate wakili asiye na mama ndani ya kesi. Hati niliipata. Ikakaa kwenye mkoba wangu mpaka ikachakaa pembeni. Tumpe alijieleza peke yake, mwendesha mashtaka akimcheka: huyo jirani yuko wapi? Hakimu akaniuliza kama nina shahidi mwingine.

"Hapana, mheshimiwa."

Wanawe wakapelekwa kituo cha kulelea watoto, yeye gerezani. Kabla hawajamwondoa alinishika mikono miwili akanishukuru, "Ndaga fijo, wakili." Heri angenitemea mate.

Halafu ukafa! Ukaenda na ushahidi wako, ukazikwa kwa nyimbo, mimi ukaniachia aibu nibebe peke yangu. Nakupenda, na nimekukasirikia.

Jana nilikwenda gerezani nikamweleza Tumpe yote. Rufaa yake ataishika wakili mwingine. Mimi nitapanda kizimbani kama shahidi na kukutaja kwa jina, mbele ya hao hao waliokusifu, na wakininyang'anya uwakili wachukue.

Tumpe hakulia wala hakunitukana. Aliniuliza, "Kwani siku zote zile ulikuwa wakili wa nani?"

Pumzika, Mama, kama unaweza.

Binti yako,
na wakili wako.