Cherehani ya Bibi Justa

Nyamizi, keti kwanza. Nimefanya jambo zito na sijutii hata kidogo.

Mjomba Kelestini kaleta mtu wa kununua cherehani ya bibi. Ile ya kukanyaga, ambayo babu alimnunulia kwa mpunga wao wa kwanza. Bibi mwenyewe hajaulizwa. Nikauliza mimi, nikajibiwa, "Nyamaza. Huko bwenini hamfundishwi adabu?" Mbele ya mgeni, Nyamizi. Mbele ya mgeni.

Nikavaa sura ya misa ya wafu.

Mnunuzi, mama mmoja fundi wa Sanje, akaanza kukanyaga kuijaribu. Nikamwambia kwa heshima zote, "Shikamoo mama. Taratibu hapo. Hiyo ndiyo inayoshona sanda za ukoo mzima."

Mguu ukabaki hewani.

Mjomba akacheka kwa nguvu, akamwita bibi. "Mwongo huyu. Mama, hebu mwambie mgeni."

Kumbe bibi yuko mlangoni, kasikia yote, hata bei. Akamtazama mwanawe kuanzia utosini mpaka miguuni, polepole.

"Ya kwako, Kelestini, nimeshaikata. Bado kuishona tu."

Mnunuzi kaondoka na bodaboda. Mjomba anairudisha cherehani chumbani kwa bibi peke yake, jasho linamtoka, nami nimekaa namtazama.