Muuaji wa Sehemu ya Kumi

Nyarubungo, Biharamulo
6 Oktoba 2024

Kaka Gozbert,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Sisi wazima kwa neema ya Mungu, ila mgongo wangu ndio ule ule. Mama anakula?

Kaka, sauti yako imefika huku! Rogasian, kwenye kibanda umiza chake cha video, anaonyesha ile sizoni ya mpelelezi wa Kikorea uliyoitafsiri. Nilikuwa napita na kuni kichwani, nikasikia kikohozi chako, nikacheka peke yangu njiani. Lakini mbona muuaji umempa jina la mume wangu? "Huyo ni Ndassa wa Nyarubungo, kaficha panga ghalani!" Watu walicheka sana. Sasa hawacheki. Juzi Theonest, mnunuzi wa maharage, amekutwa shambani kakatwakatwa. Wanasema sauti ya kwenye video ilijua mapema. Litoe hilo jina, kaka.

Mdogo wako,
Selestina

Kirushya, Ngara
13 Oktoba 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Milele amina. Mama mzima, anakula na kulalamika. Chua mgongo kwa maji moto.

Shemeji asinune, huo ni utani wetu. Si ndiye aliyeniita fisi mbele ya paroko siku ya harusi yenu? Nalipiza! Avumilie kidogo: sehemu ya kumi mpelelezi anagundua kuwa Ndassa hana hatia. Sijaitafsiri bado, kwaya na palizi vimenibana. Theonest Mungu ampumzishe.

Kaka yako,
Gozbert

Nyarubungo
22 Oktoba 2024

Kaka,

Shikamoo. Salamu leo sina nyingi. Simu yako haipatikani.

Walikuja Jumapili tumetoka kanisani, watu kama arobaini. "Toa panga, Ndassa!" Wakaingia ghalani, wakalikuta. Kaka, huku nani hana panga ghalani? Walimkata kwa panga lake mwenyewe. Mkono wa kulia ukabaki unaning'inia kwa ngozi. Nikamlalia, kitenge kikaloa damu. Jirani yangu akanivuta nywele: "Toka, Mama! Hata sehemu ya tisa Ndassa alilia hivi hivi!" Polisi walipopiga risasi juu ndipo wakamwachia.

Mkono wameuondoa hospitali. Watu wanaapa akirudi watammalizia. Mimi hawaniamini, polisi hawawaamini. Wanaiamini sauti yako. Ilete sehemu ya kumi.

Mdogo wako,
Selestina

Kirushya
28 Oktoba 2024

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma. Mungu anisamehe, aliyemkata shemeji ni mimi.

Sehemu ya kumi nimeimaliza. Shida ni moja: muuaji wa kweli lazima nimwite jina. Nikisema Anold, watamtafuta Anold. Nikisema mgeni, watamkata mgeni wa kwanza sokoni. Basi nimempa langu: Gozbert wa Kirushya. Flashi naitanguliza kwa kondakta wa basi, umpe Rogasian. Jumamosi nafika mwenyewe, nisimame mbele yao niseme ni utani, wacheke, yaishe. Siku aliyokufa Theonest nilikuwa kwayani, paroko shahidi.

Niombee.

Kaka yako,
Gozbert

Nyarubungo
Ijumaa, 1 Novemba 2024

Kaka,

Shikamoo. Usije.

Jana wameionyesha. Ulipotaja jina lako, hakuna aliyecheka. Leo Ndassa karudi kutoka hospitali, na wale wale waliomkata wamemletea jogoo wa kuomba radhi. Wamesikia kesho unakuja; wakiondoka wakaniuliza kwa upole kabisa: "Mama, kaka yako anakuja na basi la saa ngapi?" Wananoa mapanga pale stendi.

Barua hii nampa kondakta akukabidhi kabla hujapanda. Nakuomba kwa jina la Yesu, usije.

Mdogo wako,
Selestina

Jumapili, 10 Novemba

Kondakta ameirudisha. Anasema hakukuona, kumbe ulipata lifti ya lori la ndizi. Naongeza hapa hapa, maana sina tena pa kukuandikia.

Ndassa alikimbia kuja stendi na mkono wake mmoja, akipiga kelele: "Ni shemeji yangu! Ni utani! Ni utani jamani!" Hakuna aliyegeuka. Tulikukusanya kwenye shuka mbili, kaka, tukakurudisha kwa Mama.

Jana Rogasian kairudia sehemu ya kumi. Nilisimama nje na kuni zangu kichwani, nikasubiri mpaka ulipokohoa.

Mdogo wako,
Selestina