Fomu Mbili za Nyota Yenye Mkia

Jumatano 20 Machi 1996
Msimamizi kasema jengo likiisha mwezi huu, saidia fundi wote nje. Sikushangaa. Simenti imebaki mifuko kumi.

Jioni Mwalimu Ruthu katusomea tena lile gazeti, mimi na Silvano. Chama cha watazama nyota cha Dar kinashindanisha watu wazima. Si wanafunzi, si wasomi. Uione nyota yenye mkia, uichore, uandike usiku na saa, shahidi atie sahihi. Mshindi anapewa kazi Haneti — kulinda darubini na kuangalia mbingu. Mshahara kila mwezi. Mtu mmoja tu.

Silvano kasema tutatiana sahihi. Nikasema ashinde mwenye macho. Akacheka. Kaka, wewe hata ndoo ya zege unaipiga teke.

Ijumaa 22 Machi
Magharibi imeshapita, ni Ijumaa tayari. Saa tano usiku tumeiona, mimi na Silvano, kule bwawani. Kama moshi uliosimama. Iko jirani na nyota kubwa nyekundu. Jana ilikuwa mbali nayo. Inakimbia.

Kila mtu kachora yake. Tukatiana sahihi kwa tochi. Hatukusomeana.

Marehemu mke wangu, Mama Anifa, angenifokea niingie ndani, baridi. Miaka mitatu hakuna wa kunifokea.

Jumamosi 23 Machi
Mvua tangu magharibi. Mchana wa Ijumaa, kabla ya mvua, Mwalimu alipeleka fomu zetu posta Dodoma.

Jumapili 31 Machi
Tumelipwa. Basi.

Jumanne 16 Aprili
Barua kutoka Dar. Mwalimu kaisoma, kaisoma tena.

Fomu yangu inasema usiku wa Ijumaa tarehe 22, ya Silvano usiku wa Alhamisi tarehe 21. Bahasha ina muhuri wa posta, Ijumaa 22, mchana. Wanasema niliandika kabla sijaona. Mwongo. Silvano ni shahidi wa uongo. Mchoro wake ndio bora kuliko yote, lakini hawampi kazi mpaka mimi nikiri kwa sahihi yangu kwamba nilimdanganya. Ijumaa mwisho. Maelezo hayapokelewi.

Nikamwambia Mwalimu, kwetu Kondoa usiku unatangulia mchana. Jua likizama Alhamisi, huo ni usiku wa Ijumaa. Ndivyo nilivyofundishwa chuo cha Kurani, ndivyo tunavyosoma kisomo cha marehemu. Akasema anajua. Silvano naye anajua, kala pilau ya kisomo kwangu mara ngapi. Dar ndio hawajui.

Jumatano 17 Aprili
Sikutoka. Ugali wa jana.

Alhamisi 18 Aprili
Alasiri. Silvano kaja na karatasi, kaandikiwa na Mwalimu. Mimi Bushiri Swalihu nakiri nilijaza fomu kabla ya kuiona nyota, nikamdanganya shahidi wangu. Chini mstari mtupu.

Hakukaa. Kasema, kaka, mke wangu Emilia ana mimba ya tano, mimi sina hata jembe. Wewe uko peke yako.

Kweli.

Nikamuuliza, uliiona na mimi au hukuiona?

Kasema niliiona, kaka. Ulinishika bega, ukanionyesha wewe.

Halafu kasema Mwalimu anaondoka kwenda mjini sasa hivi, karatasi iende naye.

Nimeingia ndani kutafuta kalamu. Ninayo hii. Kule kwenye mstari nimeandika Bushiri. Jina la baba bado. Silvano yuko mlangoni, kanigeuzia mgongo ili asinione nikiandika. Kauliza, tayari kaka? Kalamu bado iko kwenye daftari hili