Bawabu Alifunga Lango kwa Nini

Machi 3

Mjukuu wangu,

Huna adabu. Nimeanza na hilo kabla ya salamu ili likuingie vizuri. Sasa salamu: hujambo? Kifua kimepona? Sisi wazima, isipokuwa babu yako, na safari hii ugonjwa wake umetoka kwako.

Leo sikuiti mume wangu. Mume hamvui mwenzake nguo hadharani.

Binti wa jirani, yule mshonaji, alikuja na simu yake akasema Bibi, mjukuu wako amekuwa mtu mkubwa, watu kibao wanasoma anayoandika kuhusu filamu. Nikafurahi kama mjinga. Nikamwambia amsomee babu yako, maana tangu kiharusi kimlaze ulimi, amebakiwa na masikio. Akasoma. Kwamba imetoka filamu mpya ya mambo yaliyotangulia zile za kwanza za Mji Unaosafiri. Kwamba sasa tumeonyeshwa ujana wa Bawabu, yule mlinzi wa lango la mji, na tumejua aliwafungia lango wale watu wakafa nje huko angani kwa kutaka cheo tu. Ungekomea hapo ningekuelewa. Ukaendelea: "Babu yangu, aliyetutafsiria filamu hizi ukumbini, hakujua Kiingereza. Ile huruma ya Bawabu aliitunga. Tumelelewa na uongo."

Babu yako aligeukia ukutani. Tangu siku hiyo akikiona kijiko anafumba mdomo, uji namnywesha kwa kumlazimisha.

Mtaa nao umewaka. Kinyozi anasema filamu hizi za kurudi nyuma ni tamaa ya kampuni, hadithi imeshazikwa wanaifukua wauze mifupa. Wasichana wa cherehani wanamwambia anyamaze, ile ya ujana wa rubani wa kike inazishinda zote za zamani. Wanagombana mpaka nywele za watu zinanyolewa upande. Lakini kwa Bawabu kauli yao ni moja: wa kweli ni wa babu yako, huyu mpya hawamjui. Mwenye ukumbi ataileta mwezi wa sita, na hana wa kuisimulia.

Futa ulichoandika.

Bibi yako


Machi 19

Shikamoo Bibi,

Kifua kimepona, nashukuru. Kazi ya uchapishaji inaendelea, wino umeniganda mikononi kama kawaida. Habari ya Babu imeniumiza. Mwambie sikukusudia kumtukana.

Lakini Bibi, nimezitazama upya zile za kwanza, na maneno yameandikwa chini. Pale Bawabu anaposhika ufunguo, Babu alikuwa akisema kwa niaba yake: "Nimeamriwa. Ufunguo ni wangu, mkono si wangu." Bawabu hasemi kitu pale. Anafunga, basi. Na yule mtoto wake, ambaye nilikuwa namwombea dua kabla ya kulala, hayupo katika filamu yoyote. Bawabu hana mtoto.

Mashabiki wenzangu nao wananiandama. Wengi wanasema filamu hizi zinaua siri, kwamba muovu akishaelezwa alikotoka anapungua ukubwa. Mimi naona mtu asipoelezwa, watu watamtungia. Afadhali tujue, hata kama ni kubaya.

Nyumbani kwetu ya nyuma hayaulizwi. Hata baba yangu: alikuwa mlinzi wa kiwanda, alifia kazini, nawa mikono ule. Nimezoea. Lakini hii ni filamu tu, Bibi, na nilichosema ni kweli. Sijafuta. Kama kuna nilipokosea, nionyeshe.

Mjukuu wako


Aprili 2

Mjukuu wangu,

Hujambo. Babu yako bado si mzima. Umetaka kuonyeshwa. Kaa chini.

Baba yako hakufia kazini. Alikuwa mlinzi wa lango la kiwanda cha magodoro, hapa hapa, palipo na ghala la saruji leo. Moto uliposhika, msimamizi alimwamuru asifungue, watu wasije wakatoka na mali. Akatii. Mwanangu alikuwa mtu wa kutii, nami ndiye niliyemlea hivyo. Alipokuja kufungua, wa kutoka walikuwa wachache. Walimfunga, akafia gerezani wewe hujajua kutambaa. Mama yako akaenda kwao, akasema mtoto wa mtu yule hawezi kumtazama. Tukakuchukua.

Hatukuwa na pa kuhamia. Nikienda bombani, wanawake walikuwa wakiondoa ndoo zao. Nikikutoa nje kuota jua, waliwaita watoto wao ndani.

Babu yako alikuwa msimuliaji wa filamu za ngumi na mapanga. Siku moja mwenye ukumbi akaleta hii ya angani bila kujua kilichomo, na babu yako hakuwa ameiona. Likaja lango kwenye kioo. Watu nje wanaligonga. Ukumbi mzima wakaacha kutazama filamu wakamtazama yeye. Mimi nilikuwa mlangoni nakata tiketi.

Bawabu hakusema kitu, ni kweli. Babu yako naye angeweza kunyamaza. Akashika kipaza sauti akasema yale maneno ya ufunguo na mkono. Kisha akasema: "Asiyeweza kumsamehe, asimsamehe. Lakini ana mtoto."

Unasema hana mtoto. Alikuwepo. Nilikuwa nimembeba mgongoni.

Mbele kabisa alikaa Fundi Redio. Kiingereza anakijua, ndiye anayeusomea mtaa mzima karatasi za maelezo ya mashine. Dada yake aliungua mle kiwandani. Tulingoja ainuke aseme mzee, unatudanganya. Hakuinuka. Filamu ilipoisha alikuja mlangoni, akakutazama ulivyolala, akamwambia babu yako: "Wiki ijayo irudie."

Akairudia miaka yote ile. Kesho yake mke wa Fundi alinijazia ndoo.

Kwa hiyo hukufichua kitu. Hakuna aliyedanganywa humu mtaani ila wewe. Wale walikuwa wamekufunika, na shuka uliyoivuta ni yako.

Bibi yako


Juni 11

Shikamoo Bibi,

Sijui niulize vipi hali yako. Pole ni neno dogo, lakini ndilo nililo nalo.

Nilifuta siku ile ile barua yako iliponifikia. Kuandika nikashindwa. Nilianza nikachana, nikaanza nikachana. Nilijiambia nikija mwezi wa sita nitamwambia Babu mwenyewe, kwa mdomo. Kisha ukapiga simu kwamba amefariki.

Watu wamekwambia sikuja kumzika. Nilikuja. Nilisimama kwenye kona ya kinyozi, begi begani. Nikaona jeneza linatoka, na aliyetangulia mbele kulibeba ni Fundi Redio. Nikasema, mimi nitapita wapi kati ya watu hawa? Nikarudi stendi.

Usinisamehe kwa haraka, Bibi.

Mjukuu wako


Juni 15

Mume wangu,

Hujambo. Mimi nipo, nakula, nalala kidogo.

Nilikuona. Uzi kwenye sindano siuoni siku hizi, lakini mgongo wako naujua. Sikukuita kwa sababu nilikuwa nangoja ugeuke.

Babu yako alijua umefuta. Binti wa jirani alimwambia, na siku ile alifungua mdomo mwenyewe akala. Alikufa akiwa ameshiba. Hilo ni lako, lichukue, kisha uache kulia, maana kilio chako hakimsaidii mtu.

Filamu ni Jumamosi hii. Kinyozi anaapa kwamba hatakanyaga, na ameshakata tiketi. Panda gari Ijumaa usiku. Ukishuka usije kwangu kwanza. Nenda karakana ya Fundi Redio, umwamkie, ukae atakapokukalisha. Akikwambia toka, kaa nje mlangoni mpaka afunge kazi. Akiinuka kwenda ukumbini, mfuate, na kipaza sauti ukishike wewe.

Usiwabadilishie filamu yao. Bawabu akisema alitaka cheo, sema alitaka cheo, watu wana macho. Lakini likija lango, pale atakaponyamaza, wewe usinyamaze.

Mke wako,
Bibi