Uzi wa Viatu

Jumatano, 6 Machi

Tumerudi nyumbani! Na mzee wangu hajaguswa na kisu. Daktari — mama mmoja mpole, miwani puani — alimwingizia mpira wenye kamera mdomoni, akabandua uvimbe wote wa kooni. Saratani ndiyo kwanza ilikuwa inaanza, anasema, tumeiwahi. Ila alibandua ngozi ya ndani karibu duara zima, na kovu likikauka njia ya chakula inaweza kusinyaa. Turudi tarehe 20, hata kama anajisikia vizuri. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, huku nalia kwa furaha.

Njiani mzee akanikumbusha kiapo. Mdogo wake aliingia chumba cha upasuaji kwa miguu yake, akatolewa amefunikwa uso. "Kamera sawa. Kisu hapana, hata nikiwa sijitambui. Umesikia, mke wangu?" Nimesikia. Nimeapa tena.

Jumatano, 20 Machi

Hatukwenda. Sare sitini mezani zinangoja cherehani yangu, na shule zinafunguliwa Jumatatu. Mzee mwenyewe kasema yeye mzima, kwenda kupanga foleni na wagonjwa ni kujitakia uchuro. Nikakubali upesi. Tutaenda sare zikiisha.

Jumapili, 24 Machi

Siku hizi anakula kibandani kwake, pale anaposhonea viatu. Eti kazi imemzidi. Sahani inarudi imelambwa! Nimemtania kwamba hata paka wa kibandani amenenepa, nyumba hii ina baraka. Akacheka mpaka akakohoa.

Jumanne, 2 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nilikuwa nafua suruali yake ya kijivu. Kiuno kimepunguzwa vidole vinne. Si mshono wangu. Ni uzi wa viatu, ule mnene wa nta, mishono mikubwa iliyonyooka. Nikavuta ya pili. Nayo hivyo hivyo. Ya tatu. Zote! Mume wa fundi cherehani anajipunguzia suruali kwa kujificha!

Nikaenda kibandani nazo mkononi, nikampigia kelele mbele ya mteja, Mungu anisamehe. Akamalizia kwanza kisigino alichokishika. Mteja alipoondoka ndipo akasema: wiki mbili kitu kigumu hakipiti. Mkate unakwama. Nyama anaitafuna, anaitema, paka anakula. Hata uji unapita kwa kubembelezwa. Mbona hukuniambia? Eti nilikuwa nimeshawatangazia majirani wote kwamba amepona, na hajawahi kuniona na furaha vile. Hakutaka kuniharibia.

Mteja akiingia tu mlangoni, kiuno chake nakijua bila futi. Cha mume wangu sikukiona. Nimekaa kando ya beseni la nguo nikalia mpaka maji yakapoa.

Alhamisi, 4 Aprili

Daktari hakutugombeza. Afadhali angetugombeza. Njia imebaki tundu la kupitisha mrija wa kalamu. Tungekuja tarehe 20, kasema, kazi ingekuwa nyepesi. Nikatazama sakafu. Mzee akasema kosa ni lake. Hata hapo ananifichia!

Wamempitishia puto dogo na kulijaza polepole mpaka njia ikapanuka kidogo. Itarudiwa. Jioni amekunywa glasi nzima ya maji bila kupumzika, akaigeuza kunionyesha haina kitu. Mtu mzima, anajisifia maji.

Alhamisi, 18 Aprili. Benchi la korido, hospitali.

Puto la pili. Saa nne aliingia. Saa tano alianza kushika kifua. Shingo imevimba, ukiigusa inalia kama karatasi inayokunjwa. Daktari amekuja mwenyewe, uso umemshuka. Koo limechanika. Kovu lilikuwa limekomaa mno. Hewa inavuja kifuani na uchafu utaifuata. Apasuliwe sasa hivi. Bila hivyo huenda asifike kesho kutwa. Hata akipasuliwa, hatoi ahadi.

Mzee amepigwa dawa ya maumivu, hajitambui. Kwa hiyo fomu ya kukubali upasuaji nimepewa mimi.

Binti yetu kwenye simu: "Mama, saini! Unangoja nini?" Hajui kiapo. Nikamwambia nimesikia mwanangu, nikakata.

Nikisaini, nimemsaliti. Akifa mezani kama mdogo wake, atakuwa amekufa kwa mkono wangu, nikijua. Nisiposaini, nimemuua pia — na kwa kovu lile nilishaanza kumuua, kwa sare sitini. Nilipita kumchungulia. Mikono imelala juu ya shuka, kucha zina rangi ya viatu bado. Nikamnong'oneza, mzee, niambie basi. Nampenda. Hilo tu ndilo ninalolijua, na halinisaidii kitu.

Muuguzi alinipa nusu saa na kalamu. Fomu nimeikalisha chini ya daftari. Naandika kwa sababu mkono huu ukisimama itabidi uamue. Ndiye huyo anarudi. Anauliza kama nimemaliza. Bado kidogo, mwanangu, bado naandika. Ameona ninachoandika si fomu. Ameivuta fomu polepole, ameilaza juu ya ukurasa huu, hapa hapa ninapo —