Moyo Ukipozwa

Dodoma, 4 Agosti 2024

Baba, shikamoo. Mimi mzima, wasiwasi ni kwako. Daktari ameshapanga tarehe ya upasuaji, halafu nasikia umesema huji. Kwa nini, baba? Ile valvu ya moyo wako ikiachwa hivyo, mwakani hatutakuwa nawe. Nimelia kazini mbele za watu.

Mwanao, Emilia

Kibakwe, 9 Agosti

Marahaba, mwanangu, na salamu ya kilugha chetu pia. Mbukwa. Huku wazima, upepo wa milimani tu ndio unatutesa. Emilia, daktari alisema wataupoza moyo wangu mpaka usimame, ndipo waushone. Sasa ukisimama, mimi nitakuwa wapi? Nilimuuliza, akacheka. Bora nife nyumbani kwangu, moyo ukidunda.

Baba yako, Matonya

Dodoma, 13 Agosti

Baba, shikamoo. Pole na upepo. Hapa maabara ya chuo tunachunguza vyura. Chura akikaa kwenye maji ya baridi, moyo wake unapunguza mwendo. Unadunda, unatulia, unadunda tena, kama mtu anayesinzia ibadani. Joto likirudi, unachangamka. Wako utasimama kabisa, sikudanganyi, ila mashine itazungusha damu badala yake. Utakuwa wapi? Sijui, baba. Naomba tu uje.

Mwanao

Kibakwe, 22 Agosti

Mbukwa. Nilichimba chura korongoni, mmoja wa wale wanaolala mchangani kiangazi chote. Nikamtia kwenye mtungi wa maji, akapoa, akatulia tuli. Nikaona nimwahishe kuamka, nikamsogeza jikoni karibu na moto. Amekufa, Emilia, mikononi mwangu. Usiniite tena.

Baba yako

Dodoma, 25 Agosti

Baba, shikamoo. Jamani! Aliyemuua ni moto, si baridi. Hata sisi maabara tumewapoteza vyura hivyohivyo, kwa haraka. Hospitalini wanarudisha joto kidogokidogo, nimewauliza mwenyewe. Chimba mwingine, mpoze, kisha mwache kivulini ukae naye. Nakusihi.

Mwanao

Kibakwe, 30 Agosti

Mbukwa, mwanangu. Wa pili nimeshinda naye kivulini, nikapitiwa na usingizi. Nikaota niko chini ya mchanga, mvua inanyesha juu yangu, nami wala siogopi. Nilipoamka, chura kaondoka zake. Nakuja na basi la Jumatatu. Uniandalie mlenda.

Baba yako

Wodini, 19 Septemba

Emilia, umelala kitini, sitaki kukuamsha. Mwandiko umepinda, usinicheke. Nilipofumbua macho baada ya upasuaji nilikuona, nikajua wewe ni wangu, ila jina lako sikulipata. Niliogopa, mwanangu, machozi yakanitoka. Kisha nikajiambia, wewe Matonya, usilikimbize. Nikabaki nakutazama unavyopumua. Jua likapanda ukutani, nesi akapita na chai, na jina likaja lenyewe. Nimekuita kwa sauti ndogo, hukusikia. Nimekuita tena, kwa raha yangu tu.

Baba yako